Sofia Kovalevskaya: profesa mwanamke wa kwanza wa Sweden, na kamba iliyomfundisha hisabati

STOCKHOLM – Wakazi wengi wa jiji hili wanaopanda treni ya chini ya ardhi na kushuka kituo cha Universitetet hawajui kwamba chuo kile kikubwa kilianza kikiwa chuo kidogo tu. Kilianza kufundisha mwaka 1878 kwa jina la Stockholms högskola, na hadhi ya chuo kikuu kilikuja kuipata mwaka 1960. Katika miaka yake ya mwanzo, chuo hicho kidogo kilifanya jambo ambalo vyuo vikubwa vya Berlin, Paris na Petersburg vililikataa. Kilimpa mwanamke kazi ya kufundisha hisabati, tena mwanamke mgeni, mjane, mwenye mtoto mdogo, na asiyejua Kiswidi.

Jina lake ni Sofia Kovalevskaya. Waswidi humwita Sonja Kovalevsky. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kipaji cha ajabu, na kweli alikuwa nacho. Lakini ndugu msomaji, hasa wewe uliye mwalimu au mzazi mwenye mtoto anayelia usiku juu ya daftari la hesabu, ndani ya maisha hayo limo jambo moja ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Leo tutalikalia.

Sofia alizaliwa Moscow tarehe 15 Januari 1850. Baba yake, Vasily Korvin-Krukovsky, alikuwa jenerali wa kikosi cha mizinga. Mama yake alitoka katika ukoo wa wasomi wa Kijerumani waliohamia Urusi, na babu mzaa babu wa Sofia kwa upande huo, Schubert, alikuwa mnajimu mashuhuri wa Petersburg, kwa maana ya msomi wa nyota na sayari, si mpiga ramli. Jenerali alipostaafu mwaka 1858 aliihamishia familia yake shambani Palibino, mbali na mji.

Nyumba ya shamba ilikarabatiwa, na hapo ndipo lilipotokea tukio linalopendwa na wote. Karatasi za kupamba kuta ziliagizwa kutoka Petersburg, lakini zilipofika hazikutosha, na chumba cha watoto kikabaki kitupu. Kuagiza nyingine kwa ajili ya chumba kimoja tu kulionekana usumbufu, wakaamua kubandika karatasi zozote zilizokuwa stoo. Ikatokea kwamba karatasi hizo zilikuwa mihadhara ya Profesa Ostrogradsky juu ya kalkulasi, aliyoinunua Jenerali alipokuwa afisa kijana. Mtoto Sofia alikuwa akisimama saa nzima mbele ya ukuta, akijaribu kujua ukurasa upi unafuata upi.

Hadithi ni nzuri, na ni ya kweli, kwani mwenyewe aliiandika katika kumbukumbu zake. Lakini tusidanganyike. Ukuta haukumfundisha kalkulasi. Alama zilimganda kichwani bila maana, kama mtoto wa madrasa anavyoweza kuhifadhi juzuu nzima kabla ya kujua tafsiri ya aya moja. Ukuta ulimzoesha sura ya alama hizo ili siku ya kukutana nazo asiziogope. Alipofika miaka kumi na mitano na kuanza masomo ya binafsi Petersburg kwa mwalimu Strannolyubsky, mwalimu alishangaa jinsi msichana alivyozipokea dhana ngumu kana kwamba alikwisha kuzijua.

Alikuwepo pia baba yake mkubwa, Pyotr, mzee aliyesoma vitabu vya kila aina bila mpango. Huyu alimsimulia mtoto habari za watu wa kale waliohangaika kulipa duara umbo la mraba wenye eneo lile lile, na habari za mistari inayoukaribia mwingine milele bila kuugusa. Hakuwa mtaalamu, na pengine mambo mengine hakuyaelewa vizuri. Ila alimpa mtoto kitu ambacho vitabu vya shule huwa havina: kwamba hisabati imefanywa na watu, na kwamba watu hao waliwahi kukwama.

Sasa tuje kwenye lile jambo lenyewe. Jirani yao mmoja, Profesa Tyrtov, alikuwa ameandika kitabu cha fizikia. Siku moja alimletea Jenerali nakala, na Sofia akaichukua akaisoma. Alipofika sehemu ya mwanga akakuta neno asilolijua: saini. Hatuzungumzii ile saini ya kwenye hundi, bali ile ya pembe, ambayo kwetu hukutwa sekondari pamoja na majedwali yake. Mwalimu wake wa nyumbani alipoulizwa alisema hajui. Sofia alikuwa msichana mdogo, hana kitabu kingine, hana wa kumwuliza. Akaamua kuitafuta mwenyewe maana ya neno kwa kuangalia linavyotumika.

Akachora duara. Akaweka pembe katikati yake. Akaona kwamba akichukua mstari ulionyooka unaounganisha ncha mbili za kipande cha duara, majibu ya kitabu yanakubali. Mstari huo Waswahili tunao jina lake tangu zama za uwindaji: kipande cha duara ni upinde, na mstari unaofunga ncha zake ni upote, yaani kamba ya upinde.

Kwa kipimo cha darasani, upote si saini. Alikosea. Lakini kitabu cha Tyrtov kilitumia pembe ndogo tu, na kwa pembe ndogo viwili hivyo hukaribiana mno hata kosa halionekani. Profesa aliposikia kwamba binti wa jirani anadai kukielewa kitabu chake, alidhani ni majivuno ya kitoto. Sofia alipomweleza njia aliyoipita, alistaajabu, akamsihi Jenerali asimnyime binti huyu masomo ya juu ya hisabati.

Kwa nini alistaajabu hivyo? Kwa sababu aliitambua njia. Wanadamu wenyewe walianza na upote. Klaudio Ptolemayo, aliyeishi Aleksandria ya Misri katika karne ya pili baada ya Kristo, alitengeneza jedwali la pote za duara kwa kila nusu uzi wa pembe, akalitumia kupima mienendo ya nyota. Karne kadhaa zilipita hadi wataalamu wa Bara Hindi, akiwemo Aryabhata aliyeandika mwaka 499, walipoona kwamba kazi inakuwa rahisi zaidi ukitumia nusu ya upote badala ya upote mzima. Nusu hiyo ndiyo saini ya leo. Neno walilolitumia lilikuwa la kamba ya upinde. Waarabu wakalichukua na kuliandika kwa herufi zao, na waliokuja baadaye wakalisoma jaib, yaani uwazi wa nguo kifuani au mfuko. Watafsiri wa Kilatini wakaweka neno lao lenye maana hiyo hiyo, sinus, na hivyo mtoto wa Tabora au Machakos anakariri leo neno la mfuko wa nguo kwa kitu ambacho asili yake ni kamba ya mwindaji.

Mwalimu anaweza kuifuata njia hii uani kwa senti chache sana. Chukua msumari, kamba na chaki. Chora sakafuni duara lenye nusu kipenyo cha mita moja. Kutoka katikati, piga mistari miwili yenye pembe ya nyuzi 10 kati yake, kisha mwambie mtoto apime upote. Atapata karibu sentimita 17.4. Sasa apime mstari unaotoka ncha moja na kuuangukia ule mwingine kwa pembemraba. Hiyo ndiyo saini, na atapata tena karibu sentimita 17.4. Tofauti haifiki milimita moja, na chaki ni nene kuliko hapo. Mtoto atasema ni kitu kimoja, na Sofia alisema hivyo hivyo. Usimsahihishe. Mpeleke kwenye nyuzi 60. Upote ni mita moja kamili, lakini saini ni sentimita 86.6 tu. Hapo mtoto mwenyewe atakunja uso.

Kisha fanya walichofanya Wahindi. Iongeze pembe mara mbili, iwe nyuzi 120, na uvute kamba kutoka ncha hadi ncha: sentimita 173.2. Ikunje kamba hiyo katikati. Utapata sentimita 86.6, saini ya nyuzi 60 iko mkononi mwa mtoto, imekunjwa. Mwandishi wa makala haya aliifanya kazi hiyo na mpwa wake uani mwa ghorofa moja hapa Stockholm, majirani wakichungulia madirishani. Mpwa alikuwa ameshafaulu mtihani wa sura hiyo. Alipoikunja kamba akaniuliza kwa nini shuleni hawakumwambia.

Turudi kwa Sofia. Vyuo vikuu vya Urusi havikupokea wanawake, na msichana asiyeolewa hakuweza kusafiri nje bila idhini ya baba. Vijana wa wakati ule walikuwa na dawa yake, nayo wenzetu wa ughaibuni wataitambua mara moja: ndoa ya makaratasi. Mwaka 1868 Sofia alifunga ndoa na kijana msomi, Vladimir Kovalevsky, na mwaka uliofuata wakaelekea Ujerumani. Alisoma Heidelberg, kisha mwaka 1870 akaenda Berlin kumtafuta Karl Weierstrass, aliyekuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kuliko wote wa zama zile.

Chuo cha Berlin kilikataa kata kata mwanamke asikanyage ukumbi wa mihadhara. Weierstrass alimpa maswali magumu, inasemekana kwa kutaka kumwondoa kwa adabu, na yeye akarudi nayo yote yamejibiwa. Kuanzia hapo mzee alimfundisha bure, nyumbani, kwa miaka minne. Walimu wa shule za kawaida wafahamu kwamba Weierstrass mwenyewe alipitia miaka mingi akifundisha shule za miji midogo, ambako pamoja na hisabati alipangiwa hata vipindi vya mazoezi ya viungo na mwandiko. Pengine ndiyo maana alijua kufundisha mtu mmoja mezani.

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Göttingen kilimpa Sofia shahada ya udaktari kwa daraja la juu kabisa. Alipeleka kazi tatu, ambapo moja ingetosha. Ya kwanza ilihusu milinganyo ya mabadiliko, na hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu duniani kote husoma nadharia yenye jina lake pamoja na la Mfaransa Cauchy. Nyingine ilihusu umbo la pete za sayari ya Zohali.

Ndipo ukaja ukimya. Akiwa na shahada hiyo, alirudi Urusi na kukuta kwamba kazi pekee iliyokuwa wazi kwake ni kufundisha hesabu za mwanzo madarasa ya chini ya shule za wasichana. Alijibu kwa mzaha mchungu kwamba kwa bahati mbaya hakuwa hodari wa jedwali la kuzidisha. Tunaoikumbuka fimbo ya asubuhi kwa ajili ya mara saba na mara nane tunaweza kutabasamu hapo. Kwa miaka kadhaa aliiacha hisabati kabisa. Ndoa ya makaratasi iligeuka kuwa ndoa ya kweli, mwaka 1878 akazaliwa binti yao, na mume akajitumbukiza katika biashara zilizomshinda. Mwaka 1883 Vladimir, akiwa amezama katika madeni na aibu, alijiua.

Aliyemwokoa ni Gösta Mittag-Leffler, Mswidi aliyekuwa naye mwanafunzi wa Weierstrass na sasa profesa katika chuo kile kipya cha Stockholm. Novemba 1883 Sofia aliwasili hapa, na mwanzoni mwa 1884 akaanza kufundisha. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa majaribio, bila mshahara wa chuo. Alitegemea ada ya wanafunzi wake. Alifundisha kwa Kijerumani, lakini haukupita muda mrefu akahamia Kiswidi. Waliowahi kukaa darasa la Kiswidi kwa wageni, wakipambana na en na ett baada ya zamu ya usiku, watapima wenyewe ugumu wa kusimama mbele ya wasomi na kueleza hisabati ya juu kwa lugha uliyoanza kujifunza mwaka jana.

Katikati ya 1884 aliajiriwa kuwa profesa kwa miaka mitano. Si wote waliofurahi. Mwandishi mashuhuri August Strindberg aliandika makala akidai kwamba profesa mwanamke wa hisabati ni kioja chenye madhara. Mji nao ulisengenya kwamba ni mama gani huyu, amemwacha mtoto Urusi kwa rafiki. Sofia alimleta binti yake baadaye, alipokuwa na makazi ya kueleweka. Profesa mwanamume aliyeacha wanawe nyumbani hakuna aliyemhesabia siku.

Kazi iliyompa umaarufu mkubwa aliimaliza akiwa Stockholm, na inahusu kitu ambacho kila mtoto wa Kiswahili amewahi kukichezea: pia. Ile pia ya mti unayoizungusha kwa kamba, ikalala usingizi ikiwa wima, kisha ikaanza kuyumba. Kueleza kwa hesabu mwendo wa kitu kinachozunguka huku kimeshikwa mahali pamoja ni kazi iliyowatoa jasho wakubwa. Katika karne ya 18 Euler aliweza kueleza kitu kilichoshikwa pale pale penye kitovu cha uzito wake. Lagrange akaweza kueleza pia ya kawaida, iliyo sawa pande zote na yenye uzito juu ya mhimili wake. Baada ya hapo, kimya cha takriban miaka mia moja. Wajerumani waliliita tatizo hilo nguva wa hisabati, kwa jinsi lilivyowavuta watu na kuwaponyoka.

Sofia aliipata pia ya tatu, ambayo si ya kawaida: uzito wake umekaa ubavuni, na mgawanyo wake una uwiano maalumu wa mbili kwa moja. Hutaikuta dukani. Lakini mwalimu anayetaka darasa lake lihisi tatizo lilivyokuwa anaweza kuchukua pia mbili za mti, moja aiache ilivyo, na nyingine aibandike donge la udongo ubavuni. Aziache zizunguke sakafuni na awaambie watoto wabashiri. Ya kwanza wataibashiri. Ya pili itawashinda, na kushindwa huko ndiko kulikowasumbua wanahisabati wa Ulaya kwa karne nzima.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilikuwa kimetangaza tuzo, na waandishi walipeleka kazi zao bila majina, ili waamuzi wasijue ni ya nani. Mwaka 1888 kazi bora ilipofunguliwa ikakutwa ni ya mwanamke wa Stockholm. Waamuzi waliona kazi imezidi tuzo, wakaiongeza kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka uliofuata Stockholm ilimpa uprofesa kamili wa maisha, wa kwanza kwa mwanamke katika nchi hii, na Chuo cha Sayansi cha Urusi kikamfanya mwanachama wa mbali. Kazi ndani ya Urusi, hata hivyo, hakupewa. Wasomi wetu walioombwa kurudi kuhutubia bila kupewa nafasi ya kufundisha wataijua hali hiyo.

Alikuwa pia mwandishi. Kumbukumbu zake za utotoni, zilizotoka hapa kwa Kiswidi mwaka 1889, ndizo zilizotuhifadhia habari za ukuta na za baba mkubwa Pyotr. Laiti angekuwa mwanahisabati tu, tungebaki na nadharia zake na tusingejua alizifikiaje. Hapo ndipo mimi naona deni lake kwa walimu. Vitabu vingi vya hisabati huficha njia na kuonyesha jengo lililokwisha. Yeye alionyesha pia kosa la mwanzo na mahali liliposaidia.

Upande wetu wa dunia kazi hii haikuanza leo. Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, alionyesha jinsi kifungo cha mraba kinachosukwa kwenye vikapu kinavyoweza kumfikisha mwanafunzi kwenye kanuni ya Pythagoras. Na fundi wa ujenzi anayepiga msingi kwa kamba ya tatu, nne na tano anaijua kanuni hiyo hiyo kwa mikono, hata kama alipata sifuri ya hisabati kidato cha nne. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwita fundi huyo darasani kwa dakika ishirini.

Mwanzoni mwa 1891 Sofia alikuwa akirudi kutoka mapumziko kusini mwa Ulaya, katikati ya baridi kali. Alifika Stockholm akiwa mgonjwa. Tarehe 6 Februari alifundisha kipindi chake kama ilivyopangwa. Siku nne baadaye, tarehe 10, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 41. Weierstrass, mzee wa miaka 75, alizichoma barua zote alizowahi kuandikiwa naye.

Amezikwa Norra begravningsplatsen, makaburi makubwa yaliyopo Solna, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Alfred Nobel amezikwa hapo. Strindberg naye, alipofariki mwaka 1912, alizikwa makaburi hayo hayo.